Grierson hakuzunguka India nzima akihesabu lugha

Wengi huamini kwamba George Grierson, ofisa wa utawala wa Kiingereza mzaliwa wa Dublin, alitembea kijiji kwa kijiji mpaka akazihesabu lugha zote za India: lugha 179 na lahaja 544. Sivyo.

Kazi ya kukusanya, iliyoitwa Linguistic Survey of India (Uchunguzi wa Lugha za India), ilifanyika wilayani, kupitia maofisa, wamisionari na wasemaji wenyewe. Kila mahali uliombwa mfano uleule: hadithi ya Mwana Mpotevu kutoka Biblia, itafsiriwe kwa lugha ya pale. Ilichaguliwa kwa sababu ndani yake mna mimi, wewe na yeye, na vitenzi vya wakati uliopita, uliopo na ujao. Kwangu huo ndio ufundi wake mkubwa, maana mtu aweza kuzilinganisha lugha mstari kwa mstari. Grierson alipokea karatasi hizo, akazihakiki na kuzihariri, kwa miaka mingi akiwa Uingereza, hadi 1928.

Wala si India nzima. Kusini, Jimbo la Madras, Hyderabad na Mysore hayakuhusishwa, na huko ndiko kwenye mamilioni ya wasemaji wa Kitamil, Kitelugu na Kikannada. Anayeitaja 179 aseme na hilo.