Sindano ya maumivu na vidonda vya tumbo
Sokoni Kibuye, Kisumu, mama aliyeinamia magunia ya omena tangu alfajiri humwambia kemisti: "Nidunge sindano, vidonge vitaniletea vidonda vya tumbo." Imani hii ni ya miaka mingi, na inaeleweka. Kisichopita tumboni kitalidhuru vipi tumbo?

Kupitia damu. Mwaka 1971 John Vane, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha kuwa aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo huchochea uvimbe na maumivu, lakini ndizo pia hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake na kusaidia damu kufika kwenye figo. Diklofenaki na aibuprofeni, ambazo pia ni dawa za maumivu, hufanya vivyo hivyo, zimezwe au zidungwe, kwani zote huingia kwenye damu. Hata uji ulionywewa kabla ya dawa hauondoi hatari hiyo.

Si dawa mbaya, mimi mwenyewe huzitumia. Kwa goti lililovimba au maumivu ya hedhi, kipimo kidogo kwa siku chache husaidia sana. Ila mjamzito, au mwenye vidonda, presha, ugonjwa wa moyo au wa figo, aseme kabla ya kupewa. Na choo kikitoka cheusi kama lami, ni hospitali siku hiyo hiyo.