Namba 6910 Forodhani: Choo, Sinki na Beseni la Kauri

Katika kitabu cha ushuru wa forodha, sinki la kauri, beseni la kunawia mikono na mguu wake, bafu la kujilaza, bideti, choo cha kukaa, choo cha kuchuchumaa, tangi la flashi na kikojoleo cha ukutani vyote vinakaa sehemu moja: namba 6910. Tarakimu mbili za mwanzo, 69, ni sura ya bidhaa za kauri, yaani udongo uliofinyangwa kisha ukachomwa. Nchi zote zinazotumia Mfumo wa Uwianishaji wa Shirika la Forodha Duniani hukubaliana hadi tarakimu ya sita, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili. Ndiyo maana kwenye kadhia, yaani tamko la mzigo linalowasilishwa forodhani, utakuta 6910.10.00 kwa poselini na 6910.90.00 kwa kauri nyingine.

Kwa hiyo ofisa haanzi kwa kuuliza kifaa kinatumika wapi. Anauliza kimetengenezwa kwa nini, na je, ni cha kufungwa moja kwa moja kwenye jengo? Kifaa cha 6910 hufungwa mahali pake kabisa, kwa kawaida kikiunganishwa na bomba la maji safi au la maji taka, na hakipitishi maji, ama kwa kupakwa gilezi (rangi ya kung'aa kama kioo) ama kwa kuchomwa muda mrefu. Swali hilo la pili ndilo linaloangusha wengi. Kisahani cha sabuni, kishikio cha mswaki, ndoano ya taulo na kishikio cha karatasi ya chooni, hata vikiwa vya kauri ileile, rangi ileile na kiwanda kilekile, havimo 6910 hata kama vinapigiliwa ukutani. Vinakwenda 6911 vikiwa vya poselini, au 6912 vikiwa vya kauri nyingine. Beseni la mgonjwa la kitandani nalo ni hivyohivyo, kwa sababu linabebeka.

Malighafi ikibadilika, namba inahama kabisa. Sinki la jikoni la chuma kisichoshika kutu ni 7324. Bafu, beseni au tangi la plastiki ni 3922. Beseni la marumaru ya asili linaangukia 6802, na lile la mawe ya kutengenezwa, yaani unga wa mawe ulioshikamanishwa kwa saruji au gundi, ni 6810. Hili la mwisho linachanganya sana, kwa sababu beseni jeupe la mawe ya kutengenezwa ukiliangalia juujuu unaweza kuapa ni kauri. Geuza upande wa chini usio na gilezi. Kauri iliyochomwa ni ngumu, na ncha ya kisu haiichimbi kirahisi. Mchanganyiko wa gundi unakwaruzika na kutoa unga.

Kutenganisha poselini na kauri nyingine kunahitaji macho zaidi. Poselini imeshikamana karibu kama kioo, hainywi maji hata pasipo gilezi, ukiigonga inalia, na ikiwa nyembamba hupitisha mwanga. Choo ni kinene, kwa hiyo kipimo cha mwanga hakisaidii. Angalia kipande kilichovunjika. Nusu-poselini ina mvunjiko mkavu usio na mng'ao, wenye vinyweleo, na ukiugusa kwa ulimi unanata. Maabara hupima kwa mizani: kipande hukaushwa, hupimwa, huloweshwa maji hadi yaingie ndani, kisha hupimwa tena. Kipande cha gramu 500 kikiongezeka gramu 2.5, kimenyonya asilimia 0.5, na viwango vingi vya vifaa vya choo huweka mpaka hapo kati ya kauri iliyokaza na isiyokaza. Sinki zito la jikoni la udongo wa kuhimili moto hunywa zaidi ya hapo, na mahali pake ni 6910.90. Jina la kibiashara kwenye invoisi halimalizi ubishi. Omba kiwanda kikuandikie aina ya mwili wa kauri na kiasi cha maji unaonyonya, na karatasi hiyo iwe mkononi kabla meli haijaondoka.

Vifaa vinavyosafiri na choo navyo vina kanuni zake. Tangi la flashi la kauri linabaki 6910 hata likiwa na mashine yake ndani. Choo, tangi, mfuniko wa plastiki na skrubu zake vikifungwa katoni moja kwa ajili ya kumuuzia mteja kama seti, seti nzima hufuata kile kinachoipa sura yake, nacho ni choo cha kauri. Lakini mifuniko 300 ikija kwenye katoni zake peke yake, ni 3922.20. Koki na vali ni 8481. Kabati la mbao lenye beseni juu yake lina ubishi wa kweli: mara nyingi huchukuliwa kuwa fanicha ya sura ya 94, lakini jibu hutegemea kipi kinatawala na jinsi vilivyofungashwa. Kwa bidhaa ya namna hiyo, omba mamlaka ya mapato uamuzi wa maandishi kabla ya kuagiza, ukiambatisha picha, vipimo na orodha ya malighafi.

Kosa tunaloliona zaidi ya yote ni invoisi yenye mstari mmoja: “vifaa vya bafu, seti 300”. Wakala wa forodha akipokea hiyo hana pa kushika. Ataweka kila kitu 6910, na siku ya ukaguzi kontena linafunguliwa, zinaonekana koki, mifuniko na vioo, kadhia inarekebishwa, na siku za kontena bandarini zinaendelea kuhesabiwa kwa gharama yako. Invoisi nzuri hutaja kila aina kwa mstari wake: “choo cha kukaa cha kauri, na tangi, modeli fulani, vipande 300, kilo 40 kila kimoja, bei kwa kimoja”. Orodha ya mizigo nayo ilingane na hiyo kwa idadi ya katoni na uzito.

Ushuru katika Jumuiya unapigwa juu ya thamani ya CIF, yaani bei ya mzigo, bima na nauli hadi bandari ya kuingilia. Tuseme vyoo 300 vimenunuliwa dola 40 kila kimoja: dola 12,000. Nauli 2,800, bima 200, CIF inakuwa 15,000. Kwa kiwango cha asilimia 25 ushuru ni 3,750. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya Tanzania Bara ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla ya CIF na ushuru, si juu ya CIF peke yake: 18,750 mara 18 kwa mia ni 3,375, kabla ya kugusa tozo ndogondogo. Kiwango kikiwa asilimia 35, ushuru ni 5,250 na VAT 3,645. Tofauti ni dola 1,770 kwa kontena lilelile.

Nimetaja viwango viwili kwa makusudi. Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya una ngazi za 0, 10, 25 na 35, hiyo ya 35 ikiwa imeanza Julai 2022, na kila mwaka nchi mwanachama huweza kuruhusiwa kutumia kiwango chake kwa bidhaa fulani. Mabadiliko hayo hutoka kwenye Gazeti rasmi la Jumuiya na kuanza 1 Julai. Kabla ya kulipa kiwanda, soma gazeti la mwaka huo. Hesabu ya mwaka jana isikudanganye.

Asili ya bidhaa pia inabadilisha hesabu. Misri ina viwanda vikubwa vya vifaa vya choo, na Misri na Kenya zote zimo COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Choo cha Misri chenye cheti halali cha asili cha COMESA huingia Mombasa kwa unafuu ambao hakipati Dar es Salaam, kwa kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Tena, choo hicho kikishaingia Kenya hakigeuki kuwa cha Jumuiya. Kikivushwa Namanga kwenda Arusha, ushuru wake unadaiwa.

Kuhusu ubora, Tanzania na Kenya hutaka mzigo ukaguliwe nchini unakotoka na upate cheti cha ulinganifu, chini ya mashirika ya viwango ya nchi hizo, TBS na KEBS. Ukaguzi ufanyike kabla kontena halijafungwa lakiri (muhuri wa kufungia). Mzigo ukishafika bila cheti, kinachofuata ni ukaguzi wa bandarini na adhabu.

Na kauri huvunjika. Sheria ya Forodha ya Jumuiya inaruhusu nafuu ya ushuru kwa mali iliyoharibika kabla haijatoka mikononi mwa forodha. Ukisikia vipande vinacheza ndani ya katoni wakati wa ukaguzi, omba zifunguliwe palepale mbele ya ofisa, zihesabiwe, zipigwe picha na ziandikwe kwenye ripoti. Katoni ikifunguliwa ghalani kwako baada ya siku tatu, mlango huo umeshafungwa, na unabaki na bima.

Usiporidhika na namba uliyopewa, una siku 30 tangu uamuzi utolewe kumwandikia Kamishna kuomba mapitio. Weka kwenye barua karatasi ya kiwanda, picha ya kifaa na, ukiweza, kipande chenyewe.