Boris Karloff hakuwa Frankenstein, na mengine tunayoyakosea

Frankenstein si jina la lile zimwi la sinema. Ni jina la mwanasayansi aliyeliunda, na katika filamu ya Frankenstein ya 1931 mwanasayansi huyo aliigizwa na Colin Clive. Mwigizaji Boris Karloff aliigiza zimwi lenyewe, ambalo halikupewa jina.

Jina la Karloff nalo limewapoteza wengi, wakamdhani Mrusi. Alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa London Novemba 23, 1887, akaitwa William Henry Pratt. Kwao ilikuwa familia ya utumishi wa serikali: kaka yake John alikuwa mwanadiplomasia China hadi akatunukiwa cheo cha Sir. Yeye mwaka 1909 alikwenda zake Kanada, akafanya vibarua mashambani, kisha akaingia kwenye vikundi vya maigizo vilivyozunguka miji midogo. Karloff ni jina la jukwaani alilojichagulia.

Husemwa pia kwamba aliibuka ghafla. Mwanzoni mwa filamu hiyo, palipostahili jina lake pakawekwa alama ya kuuliza, na hila hiyo ya studio ya Universal ikazidi kumfanya aonekane mtu asiyejulikana atokako. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka 44. Alishacheza filamu kadhaa kwa kadhaa, nyingi katika nafasi ndogo ndogo, na kazi zilipokauka aliendesha lori apate chakula.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kwamba kazi yote ilifanywa na vipodozi. Jack Pierce, mtaalamu wa vipodozi, anastahili sifa: alimkalisha kitini takriban saa nne kila siku ya kazi. Lakini Karloff ndiye aliyeona kwamba macho ya zimwi yana uhai mno, kope zikaongezewa nta zilegee. Ndiye pia aliyetoa meno yake ya bandia ili shavu libonyee. Tazama pale dari linapofunguliwa na zimwi linaona mwanga wa jua kwa mara ya kwanza. Linainua mikono taratibu kuelekea juu, likitaka kuushika. Dari likifungwa, mikono inabaki imenyooshwa, inaomba. Hana neno hata moja la kusema, na bado unaelewa kila kitu. Vipodozi haviwezi kufanya hivyo.

Kisha kuna binti mdogo wa ziwani. Wapo waliokua wakiamini kwamba zimwi lilimtendea ukatili wa makusudi, na siwalaumu. Wanacheza pamoja, wanarusha maua majini na maua yanaelea. Maua yanapoisha, zimwi linamrusha mtoto, likidhani naye ataelea, kisha linahangaika kwa hofu. Kipande hicho kilikatwa, na kwa miongo kadhaa watazamaji waliona mikono ikimwendea mtoto tu, halafu baba akibeba maiti. Mkasi wa wadhibiti ulizua jambo baya kuliko lililoigizwa.

Wanaomjua kwa mazimwi pekee hawajui kwamba alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waigizaji wa filamu Marekani mwaka 1933, wakipigania saa za kazi zinazovumilika. Kwenye jukwaa la Broadway, New York, alicheza Kapteni Hook, haramia wa hadithi ya Peter Pan, mwaka 1950, na mwaka 1956 akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, kwa nafasi ya askofu Cauchon aliyemhukumu Joan wa Arc. Katuni ya 1966 ya Grinch, kiumbe anayeichukia Krismasi, aliisimulia yeye, ila wimbo wake maarufu hakuuimba. Sauti ile nzito ni ya Thurl Ravenscroft, ambaye jina lake liliachwa kwenye orodha ya washiriki.

Wengine hudai alilichukia zimwi lililompa umaarufu. La hasha, alilishukuru maisha yake yote. Baada ya filamu yake ya tatu kama zimwi hilo, mwaka 1939, alikataa kuendelea nalo kwenye sinema kwa kuwa aliona linageuzwa kichekesho, na hakutaka kushiriki katika kulidhalilisha.