Aliyejiajiri asome nini? Vitabu vitatu na daftari moja

Kazi yangu ni kuwafundisha waliojiajiri kutunza hesabu: mafundi cherehani, mama lishe, wenye maduka ya vipuri, bodaboda wanaomiliki pikipiki zao. Swali ninaloulizwa kila mara ni wasome nini. Wengi tayari wana vitabu vya hamasa kwenye simu, wametumiana kwa WhatsApp, na bado mwezi ukiisha hawajui pesa imepita wapi. Kwa mtu asiye na mshahara, mimi huanza na kitabu kinachoonyesha pesa ikiingia na kutoka.

Ndiyo maana cha kwanza kwangu ni Portfolios of the Poor cha mwaka 2009, kazi ya Daryl Collins, Jonathan Morduch, Stuart Rutherford na Orlanda Ruthven. Zaidi ya kaya 250 za Bangladesh, India na Afrika Kusini zilifuatiliwa mwaka mzima. Watafiti walizitembelea takriban kila wiki mbili na kuandika kila kilichoingia, kilichotoka, kilichokopwa na kilichowekwa. Walichokikuta ni kwamba kipato cha watu hawa kilikuwa kidogo, na juu ya hapo hakikuwa na ratiba: leo kimekuja, wiki nzima inayofuata hakuna. Kwa hiyo walikuwa wakihangaika na pesa kila siku. Hakuna kaya iliyotumia njia chini ya nne za kuweka au kukopa, na Bangladesh wastani ulikaribia kumi. Kumwekea jirani, kukopeshana bila riba, kuchangiana kwa zamu. Yeyote anayecheza mchezo na kumpelekea kijumbe hela yake atajikuta humo.

Ukikisoma, nunua daftari. Chora safu nne: kilichoingia, kilichotoka, unachodai, unachodaiwa. Mbili za mwanzo watu wengi huzijaza. Ya tatu ndiyo huachwa wazi, na nikikaa na mtu tukaijaza pamoja, mara nyingi tunaukuta mtaji wake umelala kwa wateja waliosema watalipa Ijumaa.

Cha pili ni The Richest Man in Babylon cha George S. Clason, hadithi zilizoanza kutoka kama vijitabu mwaka 1926. Fundisho lake linajulikana: katika kila unachopata, tenga angalau sehemu ya kumi iwe yako. Nakipenda, ila kisomwe kwa uangalifu, kwa sababu wasomaji wangu wengi huitoa sehemu hiyo kwenye mauzo. Chukua mwenye duka aliyenunua mfuko wa unga kwa shilingi 28,000 na kuuuza 30,000. Faida yake ni 2,000, na bado hajalipa pango. Akitenga 3,000 kwa sababu ndiyo sehemu ya kumi ya 30,000, amekula 1,000 ya mtaji. Sehemu ya kumi itoke kwenye faida, baada ya gharama. Humo pia yumo Arkad, aliyempa mfyatua matofali akiba yake ya mwaka akamnunulie vito. Mtu yule akauziwa vipande vya vioo. Kabla ya kuweka hela kwenye biashara ya mwenzako, soma sura hiyo.

Cha tatu, The E-Myth Revisited cha Michael Gerber, cha 1995, nampa mtu anayetaka kuajiri msaidizi wa kwanza. Gerber anazungumza na Sarah, mwenye duka la pai, anayeoka vizuri lakini duka linamchosha kwa sababu kila kitu kinamsubiri yeye. Sehemu za mifumo mikubwa unaweza kuziruka. Usiruke pale anapokutaka uandike jinsi kila kazi inavyofanyika, hatua kwa hatua, hata mgeni aweze kuifuata.

Vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza. Vikundi ninavyovifundisha humchagua mmoja anayekimudu, anasoma sura moja nyumbani, kisha siku ya kukutana anaieleza kwa Kiswahili huku kila mtu akiwa na daftari lake wazi mbele yake.