Uzi hupita, fundo hukwama: protini na tando za bakteria

Zamani meli kubwa ilitia nanga mbali na gati la Tanga, shehena ikaletwa kwa matishari: mzigo mmoja, kupakuliwa mara mbili. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, naye hutoa sumu yake kwa awamu mbili, maana ana tando mbili, na katikati yake mna nafasi nyembamba iitwayo periplazimu.

Kazi ngumu iko kwenye utando wa ndani. Protini ikitoka kwenye ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, ni uzi. Ikishajikunja ni fundo, na tundu la mlango mkuu, SecYEG, ni la uzi tu. Kinachoipeleka mlangoni ni peptidi ishara, kipande cha mwanzo chenye asidi amino kama 20 hadi 30. Günter Blobel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba anwani yake yenyewe. Katika bakteria, mwanzo wa kipande hicho una chaji chanya, katikati panachukia maji, na mwisho una mahali pa kukatwa. Baadhi ya protini husindikizwa na SecB, protini msaidizi inayozuia zisijikunje mapema, kisha SecA, mota ya mlango, hutumia ATP, nishati ya seli, kuzisukuma. Upande wa pili kimeng'enya hukata anwani.

Protini zinazolazimika kujikunja kwanza hupita mlango mwingine, Tat, na anwani yake hutambulika kwa asidi amino mbili za arginini zilizofuatana. Protini inayong'aa kijani, GFP, inaonyesha tofauti vizuri: ikipitishwa Sec, haing'ai kwenye periplazimu, ikipitishwa Tat, inang'aa.

Sasa turudi kwenye sumu ya kipindupindu. Ina kipande A kimoja na vipande B vitano, na kila kimoja huvuka Sec peke yake kikiwa uzi. Vinajikunja na kuungana ndani ya periplazimu, ndipo sumu nzima iliyokwisha kukamilika inatolewa nje na mlango wa utando wa nje, uitwao mfumo wa aina ya pili. Mlango wa nje unapokea fundo ambalo mlango wa ndani ungelikataa! Kwangu hapo ndipo uzuri wote ulipo.

Kwa anayetengeneza protini kwenye periplazimu ya E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara, kosa ninalolitilia mkazo ni haraka. Ukiweka IPTG nyingi, kemikali inayowasha jeni ya protini, kwenye nyuzijoto 37, nyuzi za protini hujazana mlangoni, hujikunja ovyo na kuganda ndani. Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa utaona mkanda mzito kidogo: hiyo haijakatwa peptidi, yaani haijavuka. Punguza IPTG, shusha joto hadi 25. Hapa Tanga chumba kikiwa nyuzi 31, shekaa, mashine ya kutikisa chupa za bakteria, isiyo na kipozeo haitafika huko. Tafuta yenye kipozeo.

Kuitoa protini kwenye periplazimu, loweka seli kwa dakika 10 kwenye sukrosi asilimia 20, Trisi 30 mM ya pH 8 na EDTA 1 mM. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji yote, kisha zichanganye upesi na magnesiamu salfeti 5 mM iliyo baridi ya barafu, dakika 10 tena. Utando wa nje huachia, wa ndani hubaki. Zungusha mara ya mwisho. Protini yako imo kwenye maji ya juu. Pima humo beta-galaktosidezi, kimeng'enya ambacho makao yake ni ndani kabisa ya seli. Kikiwa kingi, seli zimepasuka, na ulichokusanya si cha periplazimu peke yake.