Vetebroplasti: saruji inayoingizwa kwenye pingili iliyobonyea

Bibi yangu aliinua dumu la mawese la lita 10 uani kwake Ujiji, Kigoma, akasikia kitu kimelia "ta" mgongoni. Hakuanguka. Alilitua dumu taratibu, akakaa kwenye kigoda, akaomba achuliwe. Tulimchua kwa mawese ya moto karibu wiki mbili, na kila tulipokandamiza alilia. Zahanati tuliyompeleka walisema ni uzee, wakampa panadol. Kilichotufumbua macho ni gauni lake. Pindo la mbele lilikuwa linaburuza chini na la nyuma limepanda. "Mjukuu wangu, nani kanirefushia gauni?" Hakuna aliyelirefusha. Yeye ndiye alikuwa amefupika na kuinama, na eksirei ikaonyesha pingili moja imebonyea upande wa mbele mpaka ikawa kama kabari.

Huko ndiko kuvunjika kwa kubonyea. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 zinazoshikana na mbavu na 5 za kiuno. Kila pingili ina sehemu nene ya mbele inayobeba uzito, na nyuma yake kuna upenyo unaopitisha uti wa neva. Ile sehemu ya mbele nje ina ganda jembamba, ndani ina vitundu kama sifongo. Mifupa ikidhoofika, hasa kwa mwanamke baada ya hedhi kukoma, kuta za vile vitundu huwa nyembamba, na siku moja ndoo ya maji au hata kikohozi kikali kinatosha kuiponda. Mara nyingi inayoumia iko pale mgongo unapokutana na kiuno. Maumivu huja ghafla, huzidi mtu akisimama au akigeuka kitandani, hupungua akilala chali.

Vetebroplasti ni tiba ya kuijaza pingili hiyo kwa saruji maalumu bila kupasua mgongo. Saruji yenyewe ni plastiki ya akriliki, jamii ileile inayotengenezea ufizi wa meno bandia. Huja kama unga na maji yake, vikichanganywa vinakuwa uji mzito mfano wa dawa ya meno. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, akapigwa sindano ya ganzi na dawa ya kumtuliza. Daktari hupitisha sindano ndefu na nene kwenye ngozi, ikapenya kimhimili kifupi cha mfupa kilicho nyuma ya pingili hadi ndani ya sehemu iliyobonyea. Muda wote huo anatazama kioo cha eksirei inayoonyesha picha ikitembea, maana milimita chache pembeni kuna neva. Kisha husukuma saruji kidogo kidogo, mililita chache tu. Ndani ya dakika kama 20 imeganda, mipasuko imeshikana, vipande haviminyani tena. Jeraha ni tundu dogo la kufunika kwa plasta. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Tiba hii ilianza Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, na haikuanzia kwa wazee. Madaktari Pierre Galibert na Hervé Deramond walimjaza saruji mgonjwa ambaye pingili yake ya pili ya shingo ilikuwa inaliwa na uvimbe wa mishipa ya damu. Maumivu yalipotulia, wengine wakaona inaweza kusaidia mifupa iliyodhoofika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaja ndugu yake, kifoplasti: kabla ya saruji huingizwa kiputo kinachojazwa ndani ya mfupa ili kuunyanyua kidogo na kutengeneza nafasi. Gharama yake ni kubwa zaidi.

Hapa nataka msomaji asinielewe vibaya. Mwaka 2009 zilitoka tafiti mbili ambazo baadhi ya wagonjwa walichomwa sindano ya kuigiza, bila saruji. Nao walipata nafuu karibu sawa na waliojazwa. Mwaka 2016 utafiti wa Australia ukaonyesha faida kwa wenye maumivu makali ambao pingili ilivunjika chini ya wiki 6. Madaktari bado hawajakubaliana, na mimi nadhani sababu kubwa ni kwamba pingili nyingi za namna hii huunga zenyewe katika wiki 6 hadi 12. Saruji ina nafasi kwa mzee ambaye dawa zimeshindwa, hawezi kukaa wala kwenda msalani. Si kwa kila mgongo unaouma. Ina hatari zake pia: inaweza kuvuja ikabana neva, au kuingia kwenye mishipa ya damu ikafika mapafuni. Ni nadra kuleta madhara makubwa, lakini hutokea.

Kwetu kuna jambo la kuangalia kwanza kuliko saruji: kifua kikuu cha mgongo. Nacho hula pingili mpaka ikaporomoka na kutoa kibiongo chenye ncha. Mtu anayekonda, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni na maumivu yaliyokuja polepole, akijazwa saruji atakuwa amefungiwa wadudu ndani ya mfupa. Huyu anahitaji vidonge vya kifua kikuu kwa miezi mingi, na katika vituo vya serikali hutolewa bure. Saratani ya tezi dume au ya matiti nayo hupenda kuingia kwenye pingili. Ndiyo maana daktari mwangalifu huomba vipimo vya damu, na ikiwezekana MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kabla ya kushika sindano.

Halafu kuna vijana wetu wanaokwea michikichi. Aliyeanguka kutoka juu huenda pingili yake imepasuka vipande na kipande kimesukumwa kwenye uti wa neva. Huyo saruji pekee haimtoshi. Asinyanyuliwe kwa kushikwa kwapa na miguu, wala asikalishwe kwenye bodaboda. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukishindikana, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Kwa mtu wa Kigoma njia huanzia hospitali ya mkoa, Maweni, kwa eksirei. Tiba yenyewe inataka bingwa wa mgongo au wa radiolojia (tiba ya picha za mwili) na ile mashine ya picha inayotembea, kwa hiyo ni suala la rufaa, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200. Kabla ya kumpakia mzee kwenye basi na mgongo uliovunjika, muulizeni daktari: pingili imevunjika lini? Una hakika si kifua kikuu? Tukisubiri wiki 6 kwa dawa na mkanda, tunapoteza nini?

Bibi hakujazwa saruji. Alipewa dawa za maumivu za nguvu zaidi, mkanda wa kiuno, na amri ya kutembea kidogo kila siku badala ya kulala tu. Kuchua tuliacha siku hiyohiyo. Ilipofika mwezi wa tatu tangu aumie, alikuwa anapika mwenyewe. Lakini saruji au bila saruji, mfupa dhaifu unabaki dhaifu: kati ya wanawake watano waliovunjika pingili, mmoja huvunjika nyingine ndani ya mwaka. Kwa hiyo alianzishiwa dawa ya kuimarisha mifupa pamoja na vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Dagaa tunampikia wazima, na miiba yao. Dumu la mawese sasa tunalimimina kwenye chupa za lita moja, na gauni tumelipunguza upande wa mbele.