Galari ya wateja na tovuti ya mpiga picha: ni nini, na huchaguliwaje

Mpiga picha anayetafuta mahali pa kuweka kazi yake mtandaoni hukutana na matangazo yanayouza vitu viwili kwa jina moja. Cha kwanza ni tovuti, yaani kurasa zilizo wazi kwa kila mtu, zenye picha chache bora, huduma anazotoa, bei za kuanzia na namna ya kumpata. Cha pili ni galari ya wateja: mahali pa faragha ambapo picha zote za kazi moja, tuseme harusi ya Jumamosi, huwekwa ili wenyewe waziangalie, wachague na wapakue. Tovuti inazungumza na mtu ambaye bado hajakulipa. Galari inamhudumia aliyekwisha kulipa, au aliyetanguliza nusu na bado anadaiwa. Huduma iliyo hodari kwa kazi moja kati ya hizo huweza kuwa dhaifu kwa nyingine, na hapo ndipo wengi hulipia kitu wasichokihitaji.

Squarespace, Wix na WordPress zimetokea upande wa tovuti. Pixieset, Pic-Time na ShootProof zimetokea upande wa galari, ingawa Pixieset sasa inatengeneza tovuti pia. SmugMug, iliyoanza mwaka 2002, na Zenfolio ni za zamani kuliko hizo tatu za galari, nazo zinachanganya yote mawili. Kwa maoni yangu, mpiga picha wa harusi, mahafali au familia aanze kwa kuchagua galari. Tovuti inaweza kusubiri hadi mwakani. Bi harusi hasubiri.

Galari inavyofanya kazi

Unapakia faili kamili za JPEG. Huduma inatunza zile asili, inatengeneza nakala ndogo za kutazamwa kwenye skrini, kisha inakupa kiungo kimoja cha kumtumia mteja. Akikifungua, simu yake inavuta nakala ndogo tu, kwa hiyo bando haliishi kwa kuangalia. Faili kubwa hutoka pale anapobonyeza kitufe cha kupakua. Juu ya hapo kuna nywila ya kuingilia, namba ya siri ya kupakulia, alama ya studio kwenye picha ambazo hazijalipiwa, tarehe ya kufungwa kwa galari, na orodha ya vipendwa.

Orodha hiyo ya vipendwa haisifiwi sana kwenye matangazo, lakini ndiyo inayookoa siku nyingi za kazi. Albamu ya kuchapishwa inahitaji picha 60 au 80 kutoka katika mamia. Bila galari, maharusi hutuma picha za skrini kwenye WhatsApp na maelezo kama "ile ya tatu, mama kavaa kitenge cha bluu", nawe unaanza kuwinda faili moja baada ya nyingine. Ndani ya galari mteja anagusa moyo pembeni ya kila picha anayoitaka, na wewe unapata orodha ya majina ya faili, tayari kuingizwa kwenye programu ya kuhariri.

Watu huuliza kwa nini usitume tu kwa WhatsApp, kwa kuwa ni bure na kila mtu anayo. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, upande mrefu unafika inchi 20. WhatsApp, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, huipunguza hadi pikseli takriban 1,600 upande mrefu, na kwa ubora uleule wa uchapaji hiyo ni inchi 5 na kidogo. Mteja haoni tofauti kwenye simu. Ataiona siku atakapopeleka picha ya baba yake ikachapwe kubwa ya kutundika sebuleni, na atakulaumu wewe. Kuituma kama hati kunalinda ubora, lakini nani atatuma hati 700 moja moja?

Google Drive inabeba faili kamili, ila akaunti ya bure ina GB 15 zinazogawanywa pamoja na barua pepe na Google Photos. Picha moja ya JPEG yenye ubora wa juu ikiwa na MB 10, harusi ya picha 700 inakula GB 7, na harusi mbili zinakaribia kujaza akaunti nzima. Flashi ya kubebea faili bado ina heshima yake, hasa kwa wazee wanaopenda kushika kitu mkononi, na sioni sababu ya kuiacha. Lakini flashi hupotea, na haiwezi kuwafikia jamaa walioko Muscat, Leicester au Toronto usiku uleule. Familia nyingi za pwani zimetawanyika hivyo, na kwao kiungo cha galari ndiyo njia ya kuhudhuria harusi.

Faragha

Katika huduma nyingi faragha hutajwa mwishoni. Kwetu ndilo jambo la kuanza nalo. Fikiria kupamba kwa Mombasa, yaani sherehe ya kumpamba bi harusi, au sherehe za wanawake peke yao Zanzibar: wageni wanavua mabuibui, wanajipamba, wanacheza, kwa sababu hakuna mwanamume ukumbini. Mpiga picha mwanamke aliyeruhusiwa kuingia na kamera amepewa amana kubwa kuliko malipo yake. Kiungo kilicho wazi, kikirushwa kwenye kundi moja la familia, kinaivunja amana hiyo ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo uliza kila huduma maswali ya aina hii. Je, galari moja inaweza kugawanywa, ili picha za nikahi na karamu zionekane kwa wote, na za wanawake ziwe na nywila yao peke yake? Je, bi harusi anaweza kuificha picha moja mwenyewe bila kukupigia simu usiku wa manane? Je, kupakua kunaweza kuzimwa kwa sehemu moja na kuachwa wazi kwa nyingine? Je, galari inajificha kwenye mitambo ya utafutaji kama Google bila wewe kubadili kitu, au ni lazima uizime mwenyewe? Jua pia mpaka wa vyombo hivi. Kuzima kupakua hakumzuii mtu kupiga picha ya skrini. Kwa sherehe za namna hiyo, nywila apewe bi harusi au somo wake, yaani kungwi wake, tu, naye aamue nani wa kumpa.

Kuna huduma zinazomruhusu mgeni ajipige selfi na mtambo umtafutie picha zote alizomo. Inafurahisha kwenye mahafali ya watu 1,000. Lakini sura inapopimwa na mtambo inakuwa taarifa ya kibayometriki, yaani ya kumtambua mtu kwa maumbile yake, ambayo sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inaihesabu kuwa taarifa nyeti. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na sheria hizi zina meno: Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa data ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ruhusa. Mpiga picha anayehamisha picha kutoka galari kwenda kwenye tovuti yake ili ajitangaze anafanya jambo la aina hiyohiyo. Ruhusa iandikwe kwenye mkataba, na iandikwe mbali na malipo, ili mteja aweze kuikataa bila kuogopa kwamba kazi yake itachelewa.

Fedha

Huduma za galari hulipisha kwa njia mbili zinazochanganywa: nafasi ya kuhifadhi, na kamisheni kwenye mauzo. Mpango wa bure huja na nafasi ndogo, na mara nyingi huduma inakata asilimia ya kila unachouza kupitia duka lake. Mpango wa kulipia hupunguza au kuondoa kata hiyo. Piga hesabu ya nafasi kwa mwaka mzima. Harusi 30 za GB 7 ni GB 210, bado hujahesabu video.

Duka la ndani ya galari ndicho kitu kinachosifiwa zaidi na kinachotufaa kwa uchache zaidi. Wazo lake ni kwamba shangazi anaagiza picha iliyochapwa, oda inakwenda moja kwa moja kwenye maabara ya kuchapa picha iliyounganishwa na huduma, na picha inatumwa nyumbani kwake. Maabara hizo ziko zaidi Marekani, Ulaya na Australia. Kwa shangazi wa London inafanya kazi vizuri. Kwa wa Tanga, usafirishaji unameza faida yote, ilhali mjini hapo kuna mchapaji anayeweza kuitoa siku hiyohiyo. Malipo nayo hupitia Stripe au PayPal, na wateja wetu wengi hulipa kwa M-Pesa. Usichague huduma kwa sababu ya duka lake, isipokuwa sehemu kubwa ya wateja wako wako ughaibuni.

Kinachofaa zaidi ni kufunga na kufungua. Mteja anaona galari yote yenye alama ya studio, anamalizia deni kwa simu, unaondoa alama na kumpa namba ya kupakulia. Hakuna kugombana. Hakikisha tu kwamba huduma inakuruhusu kubadili hayo kwenye galari iliyokwisha kutumwa, bila kiungo kubadilika.

Usajili wenyewe hulipwa kwa dola, kwa kadi. Kadi pepe kama M-Pesa GlobalPay, ambayo Safaricom na Visa waliizindua mwaka 2022, imerahisisha jambo hili Kenya. Ila kadi pepe isiyo na salio siku ya kukatwa malipo inaweza kufunga galari zako zote kwa pamoja, kwa hiyo ni salama zaidi kulipa mwaka mzima mara moja.

Kuhusu tovuti sina mengi. Picha 20 au 30 zinatosha, zikiwa zimepunguzwa hadi pikseli 2,000 hivi ili zifunguke haraka kwenye simu. Andika mji unaofanyia kazi, bei ya kuanzia, na uweke kitufe cha WhatsApp. Jambo moja tu la kusisitiza: jina la tovuti, liwe la .co.tz, .co.ke au .com, lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, hata kama fundi ndiye aliyekujengea. Wapo waliogombana na fundi wakakuta jina la biashara yao ni mali ya mtu mwingine. Jina likiwa lako, utaweza pia kuziweka galari chini yake, na siku ukihamia huduma nyingine anwani inahama nawe.

Siku ya kuhama

Siku hiyo huja. Oktoba 2008, Digital Railroad ya Marekani, iliyokuwa ikitunza hazina za wapiga picha wa habari, ilifungwa na kuwaachia wateja saa 24 za kuokoa picha zao. Mwaka 2017 Photobucket ilianza kudai karibu dola 400 kwa mwaka kwa mtu aliyetaka picha zake ziendelee kuonekana kwenye tovuti nyingine, na picha nyingi zikatoweka kwenye kurasa zilikokuwa. Flickr, baada ya kununuliwa na SmugMug mwaka 2018, iliziwekea akaunti za bure kikomo cha picha 1,000. Google Photos nayo ilikomesha hifadhi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021. Hizi si kampuni za kitapeli. Ni biashara zilizobadili masharti, na masharti uliyoyakubali leo yanaweza kubadilika vilevile.

Galari basi ichukuliwe kuwa njia ya kukabidhi, na ghala liwe kwako: diski mbili, moja ikikaa nyumba nyingine. Mkataba useme galari itabaki wazi hadi lini, iwe miezi 6 au mwaka, na kwamba baada ya hapo mteja ndiye mtunzaji wa nakala zake. Huduma nyingi za galari hutuma barua pepe ya kukumbusha kabla ya kufungwa, lakini wateja wengi hawafungui barua pepe, kwa hiyo tuma mwenyewe ujumbe wa simu. Kwa sababu hiyohiyo, angalia kama galari inamlazimisha mgeni kuandika barua pepe ndipo aingie. Wazee huishia hapo hapo mlangoni.

Huduma nyingi hutoa mpango wa bure au majuma machache ya majaribio. Usijaribu kwa picha kumi nzuri. Pakia harusi nzima, kwa intaneti unayoitumia kila siku, uone inachukua saa ngapi na kama upakiaji unaendelea kutoka pale ulipokatikia umeme ukizimika. Mtumie kiungo mtu mzima mwenye simu ya bei ya kawaida, umwambie apakue picha tano, wala usimwelekeze. Halafu wewe mwenyewe pakua galari yote kama mteja na ulinganishe ukubwa wa faili na zile ulizopakia. Zikiwa sawa, lipia mwaka.